Solfrid na Ukuta wa Jua

Nakuapia, Rigmor aliibana ngozi ya mdogo wangu kwa kibano, akaivuta ili wote tuione. Ilikuwa Jumapili ya Matawi. Tulikuwa tumekaa sebuleni kwa Solfrid, kahawa imeshamiminwa, keki ya lozi imeshakatwa, na huyu mwanamke kaja "kumkagua mteja wake," ndivyo alivyosema mlangoni. Akatoa kibano mfukoni, akashika kipande chembamba pembeni mwa pua ya Solfrid, akavuta taratibu. Kikaja kirefu. Akakilaza kwenye sahani ndogo, pembeni mwa keki. Kwenye sahani ya kulia chakula, jamani!

"Tazameni," akasema, "uso mpya unazaliwa."

Nikaisukuma keki yangu mbali. Mpaka leo keki ya lozi siitaki hata kuiona.

Solfrid ni dereva wa basi la bonde letu la Lauvdal. Kama umepata kupanda basi lake unamjua: mabega mapana, kicheko cha kusikika mpaka nje, na mkono usiochoka kupungia watu. Anaanzia mashambani huko juu asubuhi na mapema, anakusanya watoto wa shule, anashuka nao kando ya ziwa mpaka mjini. Anajua nani hutapika kwenye kona, huyo humkalisha mbele. Anajua nani ametoka nyumbani bila kula, huyo humrushia ndizi. Wazazi wa huku hawamshukuru, si desturi yetu kushukuru kwa sauti, lakini hakuna anayehangaika mtoto akiwa kwenye basi la Solfrid. Mimi ni Oddveig, dada yake mkubwa, mpishi wa nyumba ya wazee mjini, na basi hilo ndilo linalonipeleka kazini.

Basi, mwaka mmoja kabla ya Jumapili hiyo, hedhi ilipomkoma, mdogo wangu aliharibika mbele ya macho yetu. Jasho! Januari, theluji mpaka madirishani, yeye anafungua dirisha la chumbani, na mumewe Asgeir analala na kofia ya sufu kichwani. Usingizi ukamkimbia kabisa. Kijiko kikianguka analia. Asubuhi moja akalisimamisha basi kando ya ziwa, akazima injini, akapiga simu ofisini waje walichukue.

"Dada," aliniambia, "macho yalikuwa wazi, lakini mimi sikuwepo."

Funguo akazirudisha mwenyewe, hakufukuzwa na mtu. Akakaa nyumbani wiki kwa wiki, anaangalia basi lake likipita na dereva mwingine. Nilikuwa naogopa kumwacha peke yake na visu vya jikoni. Nasema kama ilivyokuwa.

Aliyemtoa huko ni daktari wetu, Sunniva. Alimpa plasta za homoni, unabandika kwenye nyonga, unabadilisha mara mbili kwa wiki, na kidonge cha kumeza unapokwenda kulala. Theluji haijayeyuka, Solfrid analala fofofo. Akarudi kwenye usukani, akaanza tena kuimba njiani, vibaya kama zamani, na watoto wakaanza tena kuziba masikio. Siku hiyo nilishuka kituoni kwangu nikalia peke yangu nyuma ya pipa la taka.

Plasta hizo hazikuwa siri. Klabu yetu ya skii, zile mbao za kutelezea kwenye theluji, ina sauna, chumba cha mvuke wa moto, na Alhamisi ni zamu ya wanawake. Mle ndani tumekaa uchi, matako kwenye mbao, kila mtu anaona makovu ya mwenzake. Rigmor, ambaye ndiye mwenye saluni ya urembo juu ya duka la misumari, alikuwa benchi la chini. Akainua macho akaiona plasta kwenye nyonga ya Solfrid.

"Ehee! Hiyo ndiyo iliyokurudishia ujana?"

"Ndiyo hiyo, shoga," Solfrid akamjibu. "Homoni. Bila hii ungekuwa umeshanipelekea maua kaburini."

"Basi niazime na mimi moja!"

Tukacheka mpaka mvuke ukatukaba. Tafadhali uikumbuke sauna hiyo, maana Rigmor baadaye aliisahau.

Majira ya baridi yaliyofuata, kivuli kikamtokea Solfrid juu ya mdomo, na kingine chepesi mashavuni. Kidogo tu. Mimi mwanzoni nilidhani amekula jibini ya kahawia hakujifuta. Lakini kuna mtoto mmoja wa darasa la kwanza, Ylva, ambaye ulimi wake hauna breki. Akapanda basi, akamtazama, akauliza kwa sauti:

"Solfrid, umeota sharubu?"

Basi zima likacheka, na Solfrid akacheka kuliko wote. Jioni nikamkuta mbele ya kioo cha koridoni, anajisugua kwa limau.

"Acha ujinga," nikamwambia. "Mtoto huyo aliniambia na mimi nanuka kabichi."

"Wewe unanuka kabichi, dada."

Laiti ingeishia hapo kwenye limau. Lakini alikutana na Rigmor dukani, kwenye foleni ya samaki, na Rigmor akamshika kidevu mbele ya watu, akakigeuza huku na huku. "Mpenzi, hili ni jambo dogo. Asidi kidogo, unachubuka, Pasaka unapanda mlimani na uso wa msichana." Rigmor humwita kila mtu mpenzi. Hata mbwa wa mchungaji wa kanisa humwita mpenzi.

Nilikuwepo siku ya kupakwa, nimekaa kwenye kiti cha kusubiri kwa sababu tulikuwa na safari ya dukani. Rigmor aliuliza maswali tele. Kahawa au chai? Muziki wa piano au wa ndege? Mshumaa wa vanila au wa mdalasini? Unatumia dawa gani, hakuuliza. Nilisikia kila neno, pazia lenyewe lilikuwa jembamba kama karatasi. Harufu ya siki ikajaa chumbani, Solfrid akapiga kite, Rigmor akampepea kwa gazeti la urembo. Mwishoni akasema, "Na usiote jua, sawa mpenzi?"

"Jua lipi?" Solfrid akacheka, macho yanamtoka machozi. "Mwezi wa Machi huu!"

Sasa mtu wa kwetu ataelewa kilichotokea, wengine watatuona wapumbavu. Kwetu kuota jua ni jambo la Julai: unavua nguo, unajilaza kwenye jabali kando ya maji, unapaka mafuta. Pasaka ni kitu kingine kabisa. Pasaka unapanda kwa skii mpaka kwenye kibanda cha klabu, unakaa kwenye lile benchi refu la upande wa kusini, mgongo ukutani, machungwa mfukoni, riwaya yako ya mauaji na upelelezi mapajani, unauinua uso, unafumba macho. Hapo hujaota jua, hapo umekaa ukutani. Baada ya miezi ya giza tunayopitia, hakuna mtu wa Lauvdal atakayekubali kwamba ukuta ule una ubaya wowote. Anayerudi kazini mweupe baada ya Pasaka huulizwa kama alikuwa mgonjwa.

Solfrid alifika ukutani Alhamisi Kuu, uso mwekundu, unang'aa, ngozi changa kabisa. Benchi limejaa, tumepangana kama sahani kabatini, kila mtu kafumba macho. Katikati ya benchi, mahali pazuri kuliko pote, alikuwa amekaa Rigmor. Akafumbua jicho moja, akamwona mteja wake, akajisogeza, akapangusa mbao kwa glavu.

"Njoo hapa mpenzi, kaa kwangu hapa. Hapa ndipo linapochoma hasa."

Akampa na chungwa.

"Solfrid, vaa kofia," nikasema. "Uso umekuwa kama nyama mbichi."

"Dada, tulia. Siko ufukweni. Nimekaa tu ukutani."

Rigmor alikuwa ubavuni kwake. Alisikia. Alikuwa anatafuna chungwa, juisi inamchuruzika kidevuni, macho kayafumba, na hakusema kitu. Juu jua, chini theluji inalirudisha lile lile jua usoni, na mwanamke aliyemchubua mwenzake kwa asidi anatema mbegu kwenye theluji. Tulikaa hivyo sikukuu nzima.

Wiki iliyofuata uso ukaanza kugeuka. Mashavuni yakatokea mabaka ya kahawia, makali pembezoni, yakashuka mpaka tayani. Juu ya mdomo, pale palipokuwa na kivuli, pakawa peusi kabisa. Paji la uso nalo likapata baka lake katikati. Ilikuwa kama kahawa imemwagika kwenye kitambaa cheupe ikaachwa ikauke. Mimi ni dada yake, nampenda kuliko mtu yeyote, na mara ya kwanza niliangalia pembeni. Nilijichukia kwa hilo.

Tulipanda ngazi za saluni pamoja. Rigmor alimtazama kwa sekunde, akashika kifua.

"Maskini! Lakini mpenzi, mbona hukuniambia unatumia homoni?"

Nikadakia. "Hukuambiwa? Wewe? Si ulitaka kuazima moja?"

"Oddveig, sijui unazungumza nini," akasema, sauti tamu kama uji wa maziwa. "Homoni ndizo zinazochora mabaka, kila mtaalamu anajua. Asidi yangu haina kosa. Na jua nilimkataza. Zitoe mwilini hizo takataka, mpenzi, uso utarudi wenyewe." Kisha akampa kichupa cha poda ya maji, eti zawadi, afunike wakati anasubiri.

Nilitaka kumwagia ile poda kichwani. Solfrid akanifinya mkono. "Nyamaza, dada. Alhamisi tutakaa naye sauna."

Huo ndio ugonjwa wa bonde hili, na unanitia kichefuchefu kuliko mabaka yoyote. Hatupigi kelele. Mtu akikukanyaga unamwomba radhi kwa kuweka mguu wako pale, kwa kuwa kesho mtakutana kwenye foleni ya samaki, keshokutwa kanisani, Alhamisi uchi. Watu wakamwambia Solfrid, "Umepata rangi nzuri ya Pasaka!" huku wanatazama sikio lake. Rigmor naye akamwambia kila anayepanda ngazi zake kwamba maskini Solfrid ameharibiwa na homoni. Gudny wa maktaba, ambaye jasho lake lilikuwa linalowesha viti, akaahirisha kwenda kwa daktari. Na shemeji yangu Asgeir, fundi seremala, mtu wa maneno machache ambayo hata hayo ni bora angeyameza, akaanza kuzima taa ya juu ya meza ya chakula. Eti umeme umepanda. Miaka yote ya ndoa anakula chini ya taa ile, leo anakula viazi gizani ili asimwone mkewe! Nilimwangalia akitafuta uma kwa kupapasa, nikatamani ajichome nao.

Solfrid akaacha kuja sauna. Poda akaipaka nene, na kola ya sare yake ikawa na mstari wa kahawia usiotoka kwa sabuni. Nilidhani ni huzuni ya uso tu. Sikujua kingine.

Mwezi wa Mei, asubuhi ya mvua, nikapanda basi na kukaa nyuma yake kama kawaida. Haimbi. Hapungii mtu. Shingo imelowa jasho na poda inamteremka kwa michirizi. Tukafika kituo cha Ylva, mtoto amesimama na kizibao chake cha njano, mkono juu, na basi likampita. Watoto wakapiga kelele, "Ylva! Umemwacha Ylva!" Solfrid hakugeuka hata shingo. Mbele yetu ikaja kona ya ziwa, barabara inakata kushoto, na basi likaendelea kwenda moja kwa moja.

"SOLFRID!"

Akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gurudumu la mbele likaingia kwenye kokoto, ubavu wa basi ukagusa chuma cha kingo, tukasimama. Chini ya dirisha langu palikuwa na maji tu, meusi, mvua inayatoboa.  Kisha yule mtoto wa kutapika akatapika, harufu ikajaa, na wenzake wakaanza kulia mmoja baada ya mwingine.

Solfrid alikuwa ameng'ang'ania usukani, vidole vyeupe.

"Sikuwepo tena, dada," akasema.

Nikamwinamia sikioni. "Umebandua plasta?"

"Tangu Aprili. Rigmor alisema zikitoka mwilini uso utarudi." Akajifuta, mkono ukatoka kahawia. "Haujarudi. Na silali. Ningewaua, Oddveig. Ningewaua wote."

Akapiga simu ofisini mwenyewe, kama mara ya kwanza. Akatembea kwenye mvua kumrudia Ylva, akamkuta bado amesimama pale pale kituoni mkono juu, akamleta amemshika mkono. Basi jingine lilipofika akazitoa funguo, akampa dereva, na safari hii nilimwona hana tumaini la kuzipata tena. Kuendesha basi lile ndiko kulikomfanya aamke asubuhi. Ukimwondolea hilo unamwondolea uhai, mimi nilishauona ule msimu wa visu.

Daktari Sunniva alimwosha poda kwa mikono yake, akawasha taa, akaangalia uso kwa muda mrefu.

"Nani alikwambia ubandue?"

Solfrid akatazama sakafu. Ningesema mimi, lakini alinikanyaga.

"Haya. Sikufichi," daktari akasema. "Homoni zinaweza kuongeza rangi kama hii, ndiyo. Kile kivuli cha mwanzo huenda zilichangia. Lakini ngozi iliyochubuliwa kwa asidi haikai kwenye jua la theluji, iwe na homoni au isiwe nazo. Kabla ya kukugusa, mtu alipaswa kukuuliza unatumia nini. Sasa, ukizirudisha plasta, mabaka yanaweza kukaa muda mrefu, mengine yasiondoke. Ukiziacha, yanaweza kufifia, na yanaweza yasififie. Nitakupa krimu, utavaa kofia, utakwepa jua. La plasta utaamua wewe."

Tukapanda gari kurudi nyumbani. Asgeir alikuwa anaendesha. Akakohoa.

"Labda ungengoja kidogo," akasema. "Mpaka uso utulie. Basi si lazima uliendeshe wewe. Na Agosti kuna ile harusi ya mpwa wangu Ragna, kuna mambo ya picha."

"Shemeji," nikasema, "simamisha gari nitapike."

"Mimi nasema tu."

"Ndiyo, unasema tu! Mkeo karibu azame ziwani na watoto wa watu, wewe unawaza picha! Ptuu!"

"Oddveig, niachie," Solfrid akasema. Hakupandisha sauti. "Asgeir, ule msimu uliovaa kofia kitandani, ulikuwa unalala?"

Asgeir akafikiri. "Nililala."

"Mimi sikulala. Ningependa uniambie kama ulikuwa unajua."

Asgeir akaongeza mwendo wa vifuta kioo. "Simama kwenye duka la dawa," Solfrid akamwambia. Akaingia, akatoka na kiboksi, na pale pale kwenye maegesho, mvua inanyesha, watu wanatoka dukani na mifuko yao, akashusha kiuno cha suruali, akabandika plasta kwenye nyonga, akaikandamiza kwa kiganja mpaka ikashika. Mke wa mchungaji alipita na maziwa akasema habari za mchana. Solfrid akamwitikia. Akaingia garini. "Twende."

Usiku huo, Asgeir mwenyewe aliniambia baadaye, aliiwasha ile taa ya juu ya meza ya chakula. Haya, nampa hilo moja tu.

Baada ya sikukuu ya katikati ya kiangazi, Solfrid alirudi kwenye basi. Bila poda. Ylva akapanda, akasimama mbele yake.

"Uso wako umefanya nini?"

"Umeungua Pasaka."

"Unauma?"

"Hauumi."

"Haya," akasema Ylva, akaenda kukaa. Watu wazima wa bonde zima walishindwa kufanya hivyo tangu Pasaka. Krimu ilisaidia kidogo, paji la uso likasafika. Mashavu na mdomo vikabaki. Kwenye harusi ya Ragna mpiga picha alimwomba asogee nyuma kidogo, kwa ajili ya mwanga, na Solfrid akasogea mbele.

Pasaka ikaja tena. Nilijua hatapanda, nani angepanda? Tulikuwa tumeshapangana ukutani, mimi mwisho wa benchi, Gudny kando yangu analowa jasho, Rigmor mahali pake katikati, mafuta yanamng'aa, chungwa mkononi. Nikaona mtu anakuja kwa skii na kitu mgongoni. Ni Solfrid, kofia pana ya bustani kaifunga kwa skafu kidevuni, na mgongoni kabeba kiti cha jikoni, kile cha kijani, kafunga kwa kamba.

Akakifungua. Akakisimika kwenye theluji, mbele ya benchi, mbele ya Rigmor, magoti karibu yagusane. Lakini alikigeuza: mgongo kwenye jua, uso kwetu. Katika maisha yangu sijaona mtu akikaa hivyo pale. Ukutani hatutazamani, ndiyo raha yake, tumefumba macho sote. Kivuli cha kofia kikamwangukia Rigmor usoni, akafumbua macho.

"Mpenzi, umenikinga jua."

"Ndiyo," Solfrid akasema.

Rigmor akacheka kidogo, akasogea kulia. Solfrid akasogeza kiti. Benchi zima likaanza kufumbua macho.

"Unataka nini, Solfrid?"

"Niulize."

"Nikuulize nini?"

"Ulichopaswa kuniuliza mwaka jana, kabla ya kunipaka."

Rigmor akatazama kushoto, akatazama kulia, akitafuta wa kumwambia kwamba jambo hili halifai, si hapa, si Pasaka. Kwa mara ya kwanza katika bonde hili hakuna aliyemsaidia. 

"Solfrid, haya tungeongea saluni..."

"Niulize."

"Unatumia..." Akatazama chungwa lake. "Unatumia dawa yoyote?"

"Natumia plasta ya homoni. Uliiona sauna, ukataka kuazima. Nilipoitoa kwa neno lako nusura niwatumbukize ziwani watoto wa hawa waliokaa hapa." Akamgeukia Gudny. "Gudny, nenda kwa Sunniva. Jasho hilo lina dawa." Kisha akamrudia Rigmor, akaifungua skafu, akaivua kofia, akaiweka mapajani, jua likiwa mgongoni kwake, na yale mabaka yote mbele ya pua ya mwenye saluni. "Uso huu nitakwenda nao kaburini, nimeshauzoea. Ila siku hizi nalala, Rigmor. Wewe unalala?"

Rigmor alikuwa na chungwa mkononi, nusu limemenywa. Hakulimaliza.